Baiskeli Ufaransa: barabara tulivu za lami kati ya mizabibu na makasri, tuanzie wapi?

msafiri_taratibu

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa waliowahi kuendesha baiskeli Ufaransa vijijini. Mimi na mke wangu tunataka kwenda, na si kwa mashindano wala kupanda ile milima ya Tour de France, sisi tunachotafuta ni vibarabara vya lami visivyo na magari mengi, pembeni mizabibu, mbele kasri linachomoza juu ya miti, unasimama unaangalia mpaka uridhike, unaendelea. Tuna kama wiki moja hivi, tutashukia Paris, mwezi bado hatujaamua kati ya Juni na Septemba.

Kila ninapouliza wananitajia bonde la mto Loire na ile njia yao yenye vibao, La Loire à Vélo. Ila wengine wanasema imejaa watu, wengine wanasema vipande vingine ni changarawe, na baiskeli zetu ni za barabarani, tairi milimita 28, kwenye mawe makubwa tutateseka. Alafu nikifungua ramani naona barabara zimeandikwa D hii D ile, ziko mamia, sijui ipi ni ya mkulima na trekta lake na ipi ni ya malori.

Mke wangu anaendesha vizuri sana ila hapendi kukimbizwa, kilomita 50 kwa siku anashuka anatabasamu, 80 anachoka na jioni yote inapotea. Na jambo lingine, sisi hatunywi pombe, sasa sijui kama kupita nchi ya mvinyo kutakuwa na raha kwa mtu asiyeonja chochote, au tutakuwa tunapita tu kwenye mageti yaliyofungwa. Natanguliza shukrani.

TairiNyembamba

Mkuu karibu, hapa umegusa penyewe, nimesoma Tours, mji wa hukohuko bonde la Loire, na baiskeli ndo ilikuwa usafiri wangu kwa hiyo ngoja nikuelezee kwa kirefu kidogo.

Loire ndo jibu lako, ila usiifuate kama treni inavyofuata reli. Ile njia yenye vibao ina urefu wa karibu kilomita 900, inaanzia Cuffy karibu na Nevers inaishia baharini Saint-Brevin-les-Pins, na sehemu kubwa yake ni kipande cha EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli ya Ulaya inayokwenda mpaka Bahari Nyeusi. Wewe huhitaji yote hiyo. Unahitaji katikati tu, Blois mpaka Saumur, makasri yamebanana hapo na kutoka moja kwenda jingine mara nyingi ni kilomita 10 mpaka 20, kwa hiyo zile 50 za shemeji zinatosha kabisa na muda wa kukaa chini ya mti unabaki.

Sasa sikiliza jambo ambalo wageni wengi linawapita. Njia yenye vibao inapenda kukaa chini karibu na mto, na chini kule ni mahindi, bustani za mboga, miti mirefu na mchanga. Mizabibu mingi iko juu, kwenye uwanda ulio juu ya kingo za bonde. Ukikaa na vibao muda wote utaona mto, utaona makasri, alafu utarudi nyumbani unajiuliza mizabibu ilikuwa wapi, kumbe ilikuwa mita hamsini juu ya kichwa chako. Kwa hiyo kila siku tafuta angalau sehemu moja ya kupanda. Mwinuko wenyewe ni mfupi, dakika chache gia nyepesi mmefika, na ukishafika juu ni tambarare, kimya, barabara upana wa gari moja inapita katikati ya mistari ya zabibu na huoni mtu.

Alafu kuna kitu kizuri sana pale Vouvray na tena kule Turquant karibu na Saumur. Ule mwamba wa kando ya mto ni chokaa laini nyeupe wanaiita tuffeau, ndo jiwe lililojenga makasri na nyumba karibu zote za huko. Walivyokuwa wanachimba mawe yakabaki mapango, na mapango hayo watu wakageuza kuwa nyumba, ghala za mvinyo, mashamba ya uyoga. Kwa hiyo unaendesha juu kwenye mizabibu unakuta bomba la moshi limechomoza ardhini katikati ya shamba, chini ya tairi zako kuna mtu anapika. Pale Souzay hata njia yenyewe ya baiskeli inapita ndani ya mwamba, mnaingia kwenye baridi ghafla, mke wako ataipenda sana hiyo.

Mpango wangu ungekuwa hivi. Treni kutoka Paris Austerlitz mpaka Blois, mlale hapo siku mbili. Siku ya kwanza nendeni Chambord, si mbali, mpite msitu wa Sologne, tambarare kabisa. Chambord ilianza kujengwa 1519 enzi za François I, na lile eneo lake limezungushiwa ukuta wa kilomita 32, kuingia uwanjani ni bure, tiketi ni ya ndani ya kasri. Nawashauri muingie ndani, zile ngazi mbili zinazozungukana, mmoja anapanda mwingine anashuka mnaonana kwenye vidirisha na hamkutani njiani, mtu ukisimama pale unaelewa kwa nini mfalme alitumia mali yote ile kwenye jumba ambalo hata miezi mitatu kamili hakuwahi kulilalia. Rudini kwa kupitia Bracieux na Cheverny, hapo mizabibu inaanza kuonekana, wana aina yao ya zabibu inaitwa Romorantin.

Siku inayofuata shukeni na mto ng'ambo ya kusini kwenda Chaumont alafu Amboise. Barabara kubwa ya kaskazini, D952, iepukeni kwa nguvu zote, iko juu ya tuta la mto, ni nyoofu, magari yanakimbia na pembeni hakuna nafasi. D751 ya kusini ni afadhali lakini nayo asubuhi na jioni ina watu wa kazini. Mkishapita Chaumont pandeni juu upande wa Mosnes, hapo mnapita vijiji na mizabibu mpaka karibu kabisa na Amboise.

Amboise kaeni siku mbili pia. Leonardo da Vinci alikuja huko 1516 akafia pale kwenye nyumba ya Clos Lucé Mei 1519. Kutoka hapo kwenda Chenonceau ni kuvuka msitu wa Amboise, kilomita kumi na kitu tu, na kasri lenyewe limejengwa juu ya mto Cher, mnatembea kwenye ukumbi wa mita 60 na maji yanapita chini yenu. Vita ya kwanza ya dunia ukumbi huo ulikuwa hospitali ya majeruhi. Vita ya pili ya dunia mto Cher ulikuwa mpaka kati ya upande uliotekwa na Wajerumani na upande usiotekwa, kwa hiyo mlango mmoja uko huku na mlango wa mwisho wa ukumbi unatokea upande huru. Mimi kila nikifika pale ni huo mlango wa mwisho naufikiria kuliko vitanda vya malkia.

Kutoka Amboise kwenda Tours pitieni Lussault na Saint-Martin-le-Beau, hiyo ni mizabibu ya Montlouis, barabara tulivu sana. Alafu Tours, Villandry, Azay-le-Rideau, Ussé, Chinon. Na ya mwisho Chinon, Candes-Saint-Martin, Fontevraud, Saumur. Saumur mnapanda treni ya kurudi.

Kuhusu kuingia ndani ya makasri, shauri langu, moja kwa siku linatosha. Mtu akiingia matatu siku moja jioni hakumbuki kitanda kipi kilikuwa cha nani, na miguu ya kutembea kwenye sakafu za mawe inauma kuliko miguu ya kuendesha.

mama_Zuhra

TairiNyembamba umenena kaka, mimi naongeza upande wa barabara zenyewe maana hapo ndo msafiri_taratibu ameuliza na watu wengi wanapasahau.

D ni barabara za wilaya yao, zinaitwa départementale, na herufi hiyo peke yake haikuambii kama ni tulivu, kuna D ya malori na kuna D ambayo nyasi zimeota katikati. Kaka yangu nunua ramani ya karatasi ya Michelin, ile ya kipimo cha 1:150,000 au 1:200,000. Nyekundu ni barabara kubwa, achana nazo. Njano ni za kati, unazitumia ukilazimika, na asubuhi ya Jumapili zinakuwa nzuri. Nyeupe ndo zako, hizo ndo utaishi nazo. Ukiona barabara imechorwa mstari wa kijani pembeni maana yake ina mandhari nzuri, ukipata nyeupe yenye kijani hapo umepata hazina. Na vile vimshale vidogo juu ya barabara vinakwambia mwinuko, kimoja ni asilimia 5 mpaka 9, viwili 9 mpaka 13, vitatu ni zaidi ya hapo, kwa hiyo unajua kabla ya kufika na mwenzio haumshtukizi. Ramani ya simu pia iwepo, pakua mapema isihitaji intaneti, ila simu inakupa njia fupi na fupi mara nyingi ndo yenye magari.

Utulivu pia ni saa. Kule kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane wako mezani, barabara zinakuwa tupu kabisa, hata magari ya mizigo yanasimama. Sisi tulikuwa tunakula mapema, mkate na jibini kwenye benchi ya kijiji, alafu saa zile wanazokula wao tunaendesha. Kinyume chake saa kumi na moja jioni mpaka saa moja msiwe kwenye barabara ya njano yoyote inayoingia Tours au Blois.

Sheria msizichukulie poa. Gari likikupita mjini linatakiwa liache angalau mita 1 na nje ya mji mita 1.5, na kusema ukweli madereva wengi wanaliheshimu, unasikia gari limepunguza nyuma yako linasubiri kona iishe. Usiku au mwanga ukiwa hafifu nje ya mji lazima uvae kizibao cha reflekta, taa ya mbele na ya nyuma ziwepo, na kengele. Kofia ngumu kisheria ni kwa watoto chini ya miaka 12 ila vaeni tu. Vitu vya kusikilizia masikioni vimepigwa marufuku kwa mwendesha baiskeli tangu 2015, na simu mkononi pia, faini yake ni euro 135. Na kwa wanaosoma hapa ambao wanaonja, kiwango cha pombe kwa baiskeli ni kilekile cha gari, gramu 0.5 kwa lita ya damu, kwa hiyo ile tabia ya kusimama kila ghala mtu aiangalie.

Jambo moja la hatari kweli kwa mgeni ni kipaumbele cha kulia. Kwenye vijiji, njia panda isiyo na alama yoyote, anayetokea kulia kwako ndo anapita kwanza, hata kama wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa na yeye anatoka kichochoroni. Ukiona kibao cha almasi ya njano wewe una haki ya kupita, almasi ikikatwa na mstari mweusi haki imeisha. Shemeji umwambie hilo kabla hamjaondoka.

Jirani wa Beaune

Naheshimu wote mlioongea ila mimi naitetea Burgundy kidogo, ule mkoa wa mvinyo wa mashariki mwa Ufaransa, maana msafiri kaanza na mizabibu kabla ya makasri, na kwa mizabibu Loire haiifikii Burgundy hata robo.

Kuna njia inaitwa Voie des Vignes, Beaune mpaka Santenay, kilomita ishirini na kitu, inapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet. Yote ni barabara za mashambani, ngumu, tairi 28 hazina shida, na uko ndani ya mizabibu yenyewe, pande zote mbili, mpaka kuta za mawe za kale unazipita kwa mkono. Vile vipande vya mashamba vyenye majina, climats, UNESCO waliviandikisha 2015, na ukiendesha taratibu unaona kwa nini, kipande hiki na cha jirani vimetenganishwa na njia ya trekta tu na wenyewe wanakwambia udongo si mmoja, mteremko si mmoja, jua linapiga tofauti. Barabara ya kukwepa huko ni D974, inakwenda sambamba na vilima na malori yote yako humo.

Makasri yapo, ila hayajapangwa mstari kama Loire. Clos de Vougeot lipo katikati ya mizabibu kabisa, lilianzishwa na watawa wa Cîteaux. Na ukishuka kusini kuna njia ya baiskeli juu ya reli ya zamani, Givry mpaka Cluny, kilomita 44, ilifunguliwa 1997, laini, bila gari hata moja, na katikati yake unakuta kasri la Cormatin karibu kabisa na njia. Kwa mtu anayependa kuendesha bila wasiwasi na mwenzi wake bega kwa bega hiyo ndo raha.

Septemba wakati wa mavuno kuweni makini tu, yale matrekta marefu yanayopita juu ya mistari ya mizabibu yanashika barabara nzima, mnajibanza pembeni mnayapisha, na lami inakuwa na matope ya shamba, kwenye kona usibane breki ghafla.

TairiNyembamba

Jirani wa Beaune hapo kwenye mizabibu sibishani na wewe, Burgundy ni zabibu mpaka upeo wa macho. Ila soma alichoandika, anataka kasri linachomoza mbele. Kwenye Loire hiyo inatokea kila siku bila kuitafuta. Unatoka msituni upande wa Ussé ghafla minara yote ile meupe iko juu yako. Unashuka kutoka Fontevraud unaona Montsoreau imesimama ukingoni, na pale Candes mto Vienne unaingia Loire, maji mawili ya rangi tofauti yanakwenda pamoja kwa muda kabla hayajachanganyika. Mtu akiwa na wiki moja tu na ni mara ya kwanza, mimi namwambia Loire, Burgundy irudiwe baadaye.

Na mizabibu ya Loire ikitafutwa inapatikana. Mkiwa Chinon msiondoke haraka, chukueni nusu siku muende mashariki upande wa Cravant-les-Coteaux na kurudi, ni mizabibu ya Cabernet Franc kilomita kwa kilomita na magari ni ya wakulima wenyewe. Au mvuke kaskazini kwenda Bourgueil na Saint-Nicolas. Huko njiani mtaona kinu cha nyuklia cha Avoine, nasema mapema isije ikawaharibia picha mliyoibeba kichwani, ndivyo nchi ilivyo, watu wanaishi na kufanya kazi hapo. Mnakipita kinabaki nyuma.

msafiri_taratibu

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii, mke wangu nimemsomea yote na lile pango la Souzay ameshaniambia lazima. Tumeshaamua ni Loire, Blois mpaka Saumur, na kwa sababu ya mizabibu tumeelemea Septemba.

Yamebaki mambo matatu. Treni, maana nasikia baiskeli kwenye TGV, zile treni zao za kasi, ni kazi. Upepo, kuna mtu kaniambia tutakuwa tunapigwa na upepo wa mbele njia nzima. Na lile la chakula na pombe hamjanijibu bado.

TairiNyembamba

Treni: zile za mikoa, TER, nyingi zinachukua baiskeli bure lakini nafasi si nyingi, na kwenye mstari wa Loire msimu wa watalii zinajaa haraka, kwa hiyo angalia mapema kama treni yako inataka uweke nafasi. Msipande zile za asubuhi za wafanyakazi. TGV baadhi zina nafasi za baiskeli za kulipia na kubuku, zisizo na nafasi hizo unatoa magurudumu unaitia baiskeli kwenye mfuko wake inakuwa mzigo. Mimi nikiwa na uchaguzi nachukua za polepole, Saumur mpaka Tours alafu Tours mpaka Paris Austerlitz, muda unaongezeka kidogo lakini hakuna mtu anakuhesabia sekunde mlangoni na baiskeli yenye mikoba. Stesheni ndogo nyingine hazina lifti, kwa hiyo mikoba iwe ya kunyanyuka kwa mkono mmoja.

Na treni ni msaada wa katikati pia. Chenonceaux kuna stesheni karibu sana na geti la kasri, ya kwenda Tours. Azay na Chinon nazo ziko kwenye mstari wa kwenda Tours. Siku shemeji akisema leo basi, hamjakwama popote.

Upepo: kweli mara nyingi unatoka magharibi, yani baharini, na nyie mnaelekea magharibi. Lakini si kila siku na si mkali kama pwani. Ukiwa chini ya tuta au ndani ya msitu husikii, unausikia juu kwenye uwanda. Kwa hiyo endesheni mapema, asubuhi mara nyingi ni shwari na upepo unaamka mchana. Kama unauogopa upepo kabisa geuza safari, anzeni Saumur mmalizie Blois, makasri ni yaleyale. Mimi binafsi ningeshuka na mto, mwisho wa safari kuiona ngome ya Saumur iko juu ya mji na Loire chini yake ni mwisho mzuri.

Changarawe: kwenye njia ya vibao ipo vipande vipande, imeshindiliwa vizuri, 28 zinapita kukiwa kukavu, mvua ikinyesha chukueni barabara nyeupe ya jirani. Bebeni tyubu za akiba, viraka na pampu, maana kati ya kijiji na kijiji hakuna fundi. Malazi tafuteni yenye alama ya Accueil Vélo, hayo yako ndani ya kilomita 5 za njia na lazima yawe na sehemu ya kufungia baiskeli na vifaa vya kutengenezea.

mama_Zuhra

Chakula nijibu mimi maana na sisi hatunywi.

Mtakula vizuri tu. Kitu cha kuangalia ni kwamba sifa ya huko ni rillettes, ile nyama ya kupaka kwenye mkate, ya Tours ni nguruwe, na utaikuta kila bekari na kila duka ndani ya mkate uliotengenezwa tayari. Uliza kabla hujanunua, wanajibu vizuri, ila ukiingia dukani anza na bonjour kwanza, usiende moja kwa moja kwenye swali, hilo wanalijali sana. Jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, lile gogo refu lenye majivu nje na unyasi umechomekwa katikati, ndo ilikuwa chakula chetu cha mchana na mkate na nyanya. Upande wa Saumur kuna mikate midogo inaokwa kwenye tanuri ndani ya yale mapango, fouées, inaletwa ya moto imevimba unajaza mwenyewe uyoga au maharage au jibini. Na mkipita Rivarennes kati ya Azay na Ussé waulizeni peasi zao zilizokaushwa na kugongwa zikawa bapa, zinakaa mfukoni siku nyingi, kwa mwendesha baiskeli hakuna kitu kitamu kama kile.

Kuhusu mvinyo, wala usijisikie vibaya kuingia kwenye ghala. Tulikuwa tunasema mapema kwamba hatunywi, tunapenda kuona shamba na pango, na mara nyingi tulipokelewa vizuri, mzee mmoja alitutembeza ndani ya mwamba na tochi akatuonyesha alama za patasi za waliochimba. Baadhi yao wanauza juisi ya zabibu zao wenyewe, ulizeni. Ila Septemba wakiwa katikati ya mavuno msiende bila kupiga simu, wanakuwa wamechoka kweli.

Maduka ya vijijini mengi yanafungwa mchana, Jumapili kuanzia mchana, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Kwa hiyo Jumamosi nunueni cha kuwafikisha. Maji mkikosa, nendeni makaburini, karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba, angalieni tu pasiwe pameandikwa non potable, yani hayafai kunywa.

msafiri_taratibu

Dada mama_Zuhra hilo la makaburi nisingelijua kamwe. Sasa Chinon tulale mjini au juu karibu na ngome? Na ni ngome ileile ya Joan of Arc?

TairiNyembamba

Ndiyo, ndo ileile, Joan of Arc, yule msichana aliyeongoza jeshi la Wafaransa, alikwenda pale 1429 kuonana na mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Charles VII. Laleni mjini chini, mitaa ya zamani iko kando ya mto Vienne na kuna lifti ya bure inawapandisha kutoka mjini mpaka karibu na ngome, baiskeli mziache hotelini. Na mkitoka Chinon asubuhi kwenda Candes msifuate barabara ya njano ya kusini, vukeni daraja alafu mshike vile vijiji vya kando ya Vienne. Nikipata muda wikiendi nitakuchorea njia nzima niiweke hapa, barabara nyeupe tupu.